Wanafunzi wa uhasibu waanzie kwenye stakabadhi, si kwenye urari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo linalotugusa sana sisi tunaofanya kazi ya uhasibu na ukaguzi katika mikoa ya Kaskazini, nalo ni namna vijana wetu wanavyojifunza kuandaa taarifa za fedha za kampuni. Arusha tuna Chuo cha Uhasibu. Moshi tuna Chuo Kikuu cha Ushirika, ambacho chimbuko lake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1963. Kila mwaka vyuo hivi hutoa vijana wenye akili na bidii, na wengi wao huendelea na mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Juhudi yao siitilii shaka hata kidogo. Ninachotilia shaka ni mahali wanapoanzishiwa kazi, kwa sababu wanaanzishiwa katikati.

Darasani mwanafunzi hupewa urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) uliokwisha kusawazishwa, na chini yake maelezo ya ziada: uchakavu wa magari ni asilimia kadhaa, pango la miezi miwili limelipwa kabla ya wakati, mdaiwa mmoja amefilisika na deni lake lifutwe. Anafanya marekebisho hayo, anapanga taarifa ya mapato na matumizi, anapanga mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji), pande mbili zinalingana, anapata alama. Mtihani wa namna hiyo una kazi yake, maana hupima kama kanuni zimeeleweka. Lakini ofisini hakuna mteja anayeleta urari. Analeta bahasha za risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD), nyingine zimefifia hadi tarakimu hazisomeki. Analeta taarifa ya benki yenye pengo la mwezi mmoja, vishina vya hundi, ankara zilizoandikwa kwa mkono, na malipo mengine ushahidi wake ni ujumbe uliobaki kwenye simu ya mkurugenzi. Hapo kijana mwenye shahada nzuri hukwama, na si kwa sababu hajui kukokotoa uchakavu. Anakwama kwa sababu hajawahi kutakiwa kuamua kila karatasi ni kitu gani: ni gharama au ni mali ya kudumu, ni ya mwaka huu au ya mwaka ujao, ni ya kampuni au ni ya nyumbani kwa mwenye kampuni. Yale maelezo ya ziada ya kwenye mtihani ndiyo kazi yenyewe, na mtunga mtihani ameshaimaliza kabla mwanafunzi hajafungua karatasi.

Nitatoa mfano wa kampuni za utalii, kwa kuwa ndizo zinazojaza mafaili ya ofisi nyingi za uhasibu hapa Arusha. Kampuni inapokea dola 10,000 mwezi Novemba kutoka kwa wageni watakaokwenda Serengeti mwezi Februari, na mwaka wake wa hesabu unafungwa tarehe 31 Desemba. Fedha imo benki, ankara imetolewa, na mwenye kampuni anaamini kwamba hayo ni mapato. Kiwango cha kimataifa kinachohusu mapato yatokanayo na mikataba na wateja, IFRS 15, kinataka mapato yatambuliwe huduma inapotolewa. Wageni hawajatua hata uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), kwa hiyo siku ya kufunga hesabu fedha ile ni deni: kampuni inadaiwa safari. Sasa liingie suala la dola. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba dola moja ilikuwa shilingi 2,500 siku ya kupokea malipo na shilingi 2,600 siku ya kufunga hesabu. Salio la akaunti ya dola litathaminiwa upya kwa kiwango cha tarehe 31 Desemba, yaani shilingi milioni 26. Deni la safari litabaki shilingi milioni 25 kama lilivyoandikwa siku ya kwanza, kwa sababu litalipwa kwa huduma na wala si kwa fedha, na kiasi hicho hicho ndicho kitakachohesabiwa kuwa mapato mwezi Februari. Shilingi milioni moja inayobaki ni faida ya ubadilishaji wa fedha ya mwaka unaofungwa. Nimekutana na vijana wanaoweza kutaja namba ya kila kiwango kinachohusika hapa, lakini wakathamini upya pande zote mbili, au wakaacha zote mbili, kwa kuwa hakuna sentensi iliyowaelekeza la kufanya.

Halafu kuna ada za hifadhi. Sehemu kubwa ya fedha anayotoa mgeni huishia kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) au kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Je, kampuni iziandike ada hizo kuwa mapato yake kisha gharama yake, au yenyewe ni njia tu ya kuzifikisha zinakotakiwa? Jibu haliko kwenye risiti. Liko kwenye mkataba na mgeni. Kampuni inayouza safari nzima kwa bei moja na kubeba wajibu wa kuitekeleza haiko sawa na ile inayomlipia mgeni ada na kumdai kiasi kilekile. Faida ya mwisho haibadiliki, lakini tarakimu ya mauzo hubadilika mno, na afisa mikopo wa benki huangalia mauzo hayo kabla ya kuamua. Ili kijana aamue vizuri, ni lazima asome mkataba, amuulize mwenye kampuni maswali, kisha aandike kwenye faili sababu ya uamuzi wake.

Upande wa Kilimanjaro, kahawa peke yake inatosha kufundishia muhula mzima. Tangu marekebisho ya viwango yaliyotolewa mwaka 2014 na kuanza kutumika mwaka 2016, mibuni yenyewe huhesabiwa pamoja na majengo na mitambo chini ya IAS 16, kiwango cha mali za kudumu, na huchakaa kwa miaka inayotarajiwa kuzaa. Matunda yaliyo juu ya matawi siku ya kufunga hesabu yako chini ya IAS 41, kiwango cha kilimo, nayo huthaminiwa kwa bei ya soko ikiondolewa gharama za kuuza. Kahawa hiyo hiyo ikishavunwa na kuwekwa ghalani inahamia IAS 2, kiwango cha bidhaa zilizo ghalani, pamoja na bidhaa nyingine. Shamba ni moja, zao ni moja, viwango ni vitatu. Na kama anayeandaliwa hesabu si mwenye shamba bali ni chama cha msingi, AMCOS, kinachokusanya kahawa ya wanachama, kikawapa malipo ya awali na kusubiri mnada ili kuwapa malipo ya pili, swali la kwanza kabisa ni kahawa hiyo ni mali ya nani. Chama kikiwa kinauza kwa niaba ya wanachama, mapato yake ni ushuru wake tu. Thamani yote ya kahawa iliyouzwa haiwezi kuandikwa kama mauzo ya chama. Sijui somo lingine linalomwonyesha mwanafunzi kwa uwazi namna hii kwamba kuandaa taarifa za fedha ni kazi ya kuamua kabla ya kuwa kazi ya kujumlisha.

Lawama haiwezi kuishia vyuoni. Sisi wenye ofisi tunawapokea vijana hawa na mara nyingi tunawaharibu zaidi. Kijana akifika, hupewa faili la kompyuta la mwaka uliopita na kuambiwa abadilishe tarakimu. Anabadilisha. Matokeo yake nimeyaona: maelezo ya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi yakiwa na aya nzima ya sera ya mifugo na mazao, kwa sababu faili la asili lilikuwa la mteja mwingine na hakuna aliyeisoma aya hiyo kwa miaka. Maelezo ya hesabu ndiyo sehemu ambayo kampuni inajieleza yenyewe: mikopo yake ina dhamana gani, inadaiwana nini na wakurugenzi na ndugu zao, ina kesi gani mahakamani, nini kimetokea baada ya tarehe ya kufunga hesabu. Kurasa hizo zikinakiliwa, msomaji anabaki na tarakimu zisizo na habari. Programu kama Tally na QuickBooks, ambazo naziunga mkono kwa moyo wote, haziwezi kuandika kurasa hizo kwa niaba ya mtu, kwa sababu hazijui mkurugenzi aliafikiana nini na benki.

Upo ubaya mwingine, nao ni mkubwa zaidi. Urari unapokataa kulingana na tarehe ya kuwasilisha ritani ya kodi imekaribia, tofauti isiyojulikana husukumwa kwenye akaunti ya mkurugenzi, ikaitwa mkopo wake au matumizi yake binafsi, na kazi ikaendelea. Kampuni nyingi hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, na kwa kuwa ritani ya mwisho hutakiwa ndani ya miezi sita, mwezi Juni ndio mwezi wa dhambi hii. Katika mwezi huo huo kijana anaweza kuombwa aandae hesabu za kupeleka benki zenye faida nono, na nyingine za kupeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) zenye faida kiduchu, za kampuni hiyo hiyo kwa mwaka huo huo. Maadili hufundishwa darasani kama mada ya peke yake, lakini mimi naamini yanafundishika vizuri zaidi mwanafunzi akiwa na faili mbele yake. Aliyeijenga tarakimu kutoka kwenye stakabadhi anajua kila shilingi ilikotoka, na anapoombwa kuipindisha ana ushahidi wa kukataa nao. Siku moja atatia saini tamko la mkuu wa hesabu linaloambatanishwa na taarifa za fedha, akaweka na namba yake ya usajili ya NBAA chini yake. Ni vema ajue mapema uzito wa saini hiyo.

Kuna sababu ya kulifanya jambo hili sasa na si miaka mitano ijayo. Nchi yetu ilianza kutumia viwango vya kimataifa mwaka 2004, na tangu hapo vimebadilika mara nyingi, ila badiliko lililo mlangoni linagusa sura yenyewe ya taarifa. Mwezi Aprili 2024 ilitolewa IFRS 18, kiwango cha namna ya kuwasilisha taarifa za fedha, kinachochukua nafasi ya IAS 1 kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada yake. Mapato na gharama vitalazimika kupangwa katika makundi ya uendeshaji, uwekezaji na ugharimiaji, na faida ya uendeshaji itaonyeshwa waziwazi. Toleo la tatu la kiwango cha kampuni ndogo na za kati, lililotolewa Februari 2025, nalo linaanza tarehe hiyo hiyo. Kwa kuwa taarifa za mwaka 2027 zitabeba pia tarakimu za mwaka 2026 kwa ajili ya ulinganisho, kazi ya kuzipanga upya haiwezi kusubiri. Mwanafunzi aliyekariri muundo wa zamani mstari kwa mstari atalazimika kuanza upya, lakini aliyezoea kujiuliza kila muamala ni wa asili gani atahitaji kusoma kiwango kipya tu na kuendelea na kazi.

Pendekezo langu ni hili. Kabla hajahitimu, kila mwanafunzi wa uhasibu katika vyuo hivi viwili aandae seti kamili ya taarifa za fedha za mwaka mmoja, pamoja na maelezo yake yote, akianzia kwenye nyaraka ghafi za taasisi iliyopo kweli, chini ya uangalizi wa mhasibu aliyesajiliwa. Alama zitolewe kwa faili la kazi: usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki), orodha ya wadaiwa iliyothibitishwa, hesabu ya bidhaa ghalani, na kumbukumbu za maamuzi aliyofanya na sababu zake. Mizania kulingana iwe sehemu ndogo ya alama hizo.

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza: hakuna kampuni itakayokubali wanafunzi wapekue siri zake. Kwa kampuni binafsi hofu hiyo ni ya haki, ingawa nyaraka za miaka iliyopita zikifichwa majina zinaweza kutumika. Lakini vyama vya ushirika hesabu zake husomwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, na mkoa ambao chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianza tangu mwaka 1933 hauwezi kukosa AMCOS na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za kufanyia mafunzo. Vyama vingi vidogo havina uwezo wa kuajiri mhasibu, hivyo kijana anayesimamiwa vizuri atawaachia vitabu vilivyo safi kuliko alivyovikuta. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) linaweza kusaidia kuchagua vyama ambavyo nyaraka zake zinatosha kufundishia, na NBAA inaweza kuwahesabia wahasibu wanaosimamia wanafunzi saa za mafunzo endelevu wanayotakiwa kuyapata kila mwaka, kwa kuwa kusimamia kazi ya namna hii ni kujifunza pia.

Ofisi yangu iko tayari kupokea wanafunzi kwa utaratibu huu, na kuandaa nyaraka zilizofichwa majina kwa wale watakaokosa chama. Ningeomba wakuu wa idara za uhasibu wa vyuo vyote viwili wajibu kupitia safu hii hii: je, ratiba ya mafunzo kwa vitendo inaweza kubadilishwa ili mwanafunzi abaki sehemu moja hadi hesabu za mwaka mzima zikamilike, na ni nani anayepaswa kuidhinisha badiliko hilo?

Mhasibu na mkaguzi wa hesabu,
Arusha.