Usiku tuliolinda mtaa, na bei ya mkate

Unguja, 28 Januari 2025

Sahibu yangu Mbarouk,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima. Mama anakusalimu, na halua uliyompelekea imefika salama, ila wajukuu waliimaliza yeye akiwa kwenye sala.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nilifurahi mno kusikia kwamba umekutana na Mahmud hapo Ruwi, Muscat, yule mjukuu wa Hajja wetu wa Cairo, na kwamba sasa ni fundi umeme mwenye mke na watoto wawili. Kisha nikafika pale uliposema mlikaa mkanywa chai, ukamwuliza juu ya mambo yale ya Misri ya 2011, akajibu, "Bora tungelala." Nawe ukamwunga mkono. Ukasema wale watu wa Uwanja wa Tahrir wangebaki majumbani mwao, maelfu kwa maelfu wangekuwa hai leo.

Sikutaka kukujibu kwa simu, maana kwenye simu mimi na wewe hukatizana. Nimeona nikae niandike, tena niandike leo, kwa kuwa leo ni tarehe 28 Januari. Mwaka ule wa 2011 ilikuwa Ijumaa. Unaikumbuka.

Intaneti ilikuwa imekatwa tangu usiku, na asubuhi tukaona hata simu za mkononi hazishiki. Tuliporudi kutoka msikitini Hajja alikuwa ameiweka televisheni dirishani ili mtaa mzima uone. Magharibi ikaingia, polisi wakatoweka Cairo yote, kama waliofutwa kwa kitambaa. Zikaja habari kwamba magereza yamefunguliwa. Ndipo Hajja akatugongea mlango: "Mko wangapi humo ndani?" Tulikuwa watano: mimi, wewe, wale Wangazija wawili, na Mmali wetu wa Timbuktu. Akasema teremkeni, vijana wa mtaa hawatoshi.

Tuliteremka na mipini ya mafagio. Mahmud alikuwa na miaka kumi na sita, amefunga kisu cha jikoni kwenye ncha ya fimbo. Waliziba njia kwa friji bovu, matairi na pipa la taka. Kila mmoja alifungwa kitambaa cheupe mkononi ili tujuane gizani. Wao waliita lijan sha'biyya, yaani kamati za wananchi, wewe ukasema, "Kumbe hii ni sungusungu tu!" Na kweli ilikuwa sungusungu. Gari likija tunalisimamisha, tunaomba kitambulisho, tunafungua buti, tunasema samahani.

Jambo ambalo sijamsimulia mtu vizuri mpaka leo ni hili. Miaka yote tuliyokaa mtaa ule wa Hayy al-Ashir watoto walituita "samara" kwa sababu ya rangi zetu, na watu wazima waliwaacha. Usiku ule hakuna aliyetuita hivyo. Mwenye duka la simu, ambaye hakuwahi kuitikia salamu yangu, alivua koti lake akampa Mmali wetu kwa baridi iliyokuwepo. Kuelekea alfajiri Hajja akashuka na sinia la ful, yale maharage yao, na mkate wa moto, tukala wote juu ya boneti la gari. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na sijapata kuona watu wazima wakiwa na adabu namna ile bila ya kuwapo mtu wa kuwaogopa.

Kwa hiyo ukiniambia bora wangelala, hilo ndilo linalonijia kwanza. Najua halitoshi. Niache niendelee.

Tumesoma Kiarabu pamoja, kwa hiyo utanielewa. Wito wa waandamanaji ulianza na neno "aish". Aish, hurriyya, adala ijtima'iyya: mkate, uhuru, haki katika jamii. Waarabu wengi mkate huuita khubz. Mmisri ameupa jina la uhai wenyewe, na huko Ghuba wapo wazee wanaouita wali vivyo hivyo. Sisi tumelichukua neno hilohilo tukapata kuishi na maisha. Mtu anayesimama barabarani akaitanguliza "aish" mbele ya uhuru anaomba kitu kidogo sana, Mbarouk. Bouazizi kule Sidi Bouzid, Tunisia, Disemba 2010, alikuwa na mkokoteni wa matunda. Hakuwa na chama wala bunduki. Walimnyang'anya mizani yake, akaenda kushitaki, hakusikilizwa, akajitia moto. Tarehe 14 Januari rais wao, Ben Ali, alikuwa ameshapanda ndege kwenda Saudia. Katikati ya siku hizo chache watu wakagundua kwamba kumbe inawezekana.

Na mkate wenyewe ulikuwa hesabu nzito. Kiangazi cha 2010 Urusi iliungua kwa ukame, ikafunga milango ya ngano yake, na Misri ndiyo iliyokuwa ikinunua ngano nje kuliko nchi yoyote. Mkate wa serikali haukupanda bei. Watawala waliogopa kuugusa kwa ghafla tangu Januari 1977, Rais Sadat alipojaribu kupunguza ruzuku na miji ikalipuka kwa siku mbili hadi akarudisha. Ulibaki piasta tano, ile wanayoiita "shilin", nasi tukishangaa kwamba shilingi imetutangulia mpaka Cairo. Lakini vitu vyote vilivyouzunguka mkate, mafuta, nyanya, nyama, vilipaa. Hajja alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda foleni, anarudi na mikate ishirini kichwani imetandazwa juu ya kile kitenga cha makuti.

Sasa nakuja kwenye lako. Mimi niliondoka Juni 2012, wiki ileile Morsi wa Ikhwani alipotangazwa mshindi wa urais. Nilirudi nyumbani na mwanzo mkononi. Ule uwanja uliofagiwa na vijana kesho yake, baada ya Rais Mubarak kuondoka tarehe 11 Februari 2011, wakipaka rangi kingo za barabara, ndio niliowasimulia wanafunzi wangu hapa skuli mwaka hadi mwaka. Wewe ulibaki. Tarehe 14 Agosti 2013 ulikuwa kwenye chumba chetu kilekile, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Rabaa al-Adawiyya, walipokuwa wamekaa wafuasi wa Morsi. Ulinipigia usiku. Ulisema, "Moshi umeingia mpaka kitandani," ukanyamaza, ukakata. Human Rights Watch walihesabu watu 817 angalau waliouawa pale kwa siku moja. Sikuwahi kukuuliza uliona nini. Miaka kumi na moja sasa. Naogopa nilinyamaza kwa sababu sikutaka hadithi yangu iharibike, na kwa hilo nakuomba radhi.

Pengine ndiyo maana hatuafikiani. Na pengine ni la zamani zaidi. Wazanzibari wawili wakilitaja neno mapinduzi, kila mmoja anasikia alichosimuliwa nyumbani kwao. Juzi tarehe 12 gwaride limepita kama kawaida; babu yangu alikuwa akilipenda, babu yako alikuwa ameshakwenda zake Muscat na hakurudi. Hata kuandika neno lile kwa ajili ya Misri kalamu yangu husita. Nasema vuguvugu, nasema maandamano.

Lakini hesabu ya damu lazima tuifanye sawasawa. Katika zile siku kumi na nane za maandamano ya 2011 waliuawa watu 846, kwa hesabu ya tume yao wenyewe. Nani aliyewapiga risasi? Wa Rabaa je? Mahmud akisema bora tungelala, anajibebesha mzigo wa mtu mwengine. Kama kuna jambo la kujilaumu, ni lile ulilonisimulia mwenyewe: usiku wa tarehe 3 Julai 2013 jeshi lilipomwondoa Morsi, Mahmud alikuwa barabarani akipiga honi na wenzake. Walikuwa na sababu zao, Morsi alikuwa amejitwalia madaraka yasiyoguswa na mahakama. Ila walilipigia makofi jeshi lilelile, wakadhani litawafanyia kazi kisha lirudi kambini. Uwanja ulijua kumwondoa mtu. Haukuwa na chama, haukuwa na watu wa kukaa mezani kwa niaba yake, na waliokuwa wamejipanga tangu zamani walikuwa wawili tu: Ikhwani na wanajeshi. Hapo ndipo ninapowalaumu, na siwalaumu kwa kutoka.

Wasudani walijaribu kujifunza. Wao nao walianzia kwenye mkate: Atbara, Disemba 2018, ulipopanda kutoka pauni moja hadi tatu. Rais Bashir alipoangushwa Aprili 2019 hawakwenda nyumbani, walikaa palepale mbele ya makao makuu ya jeshi wakisema ama ushindi ama Misri. Unaona jinsi nchi ya watu inavyogeuka kuwa onyo! Tarehe 3 Juni wakavunjwa kwa risasi. Majenerali wawili waliogawana nchi hiyo wakageukiana tarehe 15 Aprili 2023, na leo zaidi ya watu milioni 10 wameyahama makazi yao. Je, hao nao tuseme wangekula mkate wa pauni tatu wakanyamaza?

Mmali wetu alinipigia 2012 akilia. Gaddafi alipouawa Oktoba 2011, wapiganaji wa Kituareg waliokuwa katika jeshi lake walirudi Mali na silaha za maghala ya Libya. Machi mwaka uliofuata serikali ya Bamako ikapinduliwa, Aprili Timbuktu ikaanguka, kisha wakaja wale waliovunja makaburi ya mawalii kwa majembe. Alikuwa akitaja majina ya makaburi mojamoja, yale ambayo bibi yake alikuwa akimpeleka kuyazuru. Miswada mingi iliokolewa, watu waliitorosha masandukuni mpaka Bamako, na hilo lilimpoza kidogo. Aliniuliza, "Benghazi walitaka uhuru wao, kwa nini bei imelipwa kwetu?" Sikuwa na jibu. Sina hata sasa, isipokuwa kwamba maghala yale yalijazwa na mtu mmoja kwa miaka arobaini, na nchi zilizopeleka ndege kumpiga hazikubaki kuyalinda.

Yemen ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni jirani yako na ni nyumbani kwa wazee wa watu wetu wengi wa Mombasa na Lamu. Rais Saleh aliachia kiti 2012 kwa mkataba uliompa kinga ya kutoshitakiwa. Hakutulia. Akaungana na Mahouthi aliowapiga vita miaka, wakaitwaa Sanaa 2014, na mwishowe haohao wakamwua. Novemba 2023 Mahouthi walianza kuzishambulia meli Bahari ya Shamu, wakisema ni kwa ajili ya Gaza, na kampuni kubwa za meli zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mfereji wa Suez ulikosa karibu dola bilioni saba mwaka 2024, kwa kauli ya Rais al-Sisi mwenyewe, yule jenerali aliyemwondoa Morsi. Pauni ya Misri, tuliyokuwa tukiibadilisha chini ya sita kwa dola, sasa ni kama hamsini. Na mkate, Mbarouk! Tarehe 1 Juni 2024 ile bei ya shilin iliondolewa. Mkate wa serikali sasa ni piasta ishirini, mara nne, na barabarani hakutoka mtu.

Nilikaa na habari hiyo siku nzima. Sadat hakuweza, Mubarak miaka yake ya mwisho hakuugusa. Ameweza huyu al-Sisi, kwa sababu ya Rabaa. Watu wanajua sasa risasi zinafika wapi. Kwa hiyo Mahmud alilala kama alivyotamani, wote wamelala, na mkate umepanda wakiwa usingizini.

Kwenu Oman watu walitoka pia, ingawa hutaji. Sohar, Februari 2011, pale kwenye mzunguko wa barabara wenye tufe. Alikufa mtu, nalo si dogo. Lakini Sultan Qaboos aliwaondoa mawaziri, akaahidi ajira 50,000 na riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta kazi. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa mwezi uleule hadi riali 200, kikapanda tena kabla wewe hujaanza kazi. Waliokaa mzungukoni hawakukujua, nawe umekula katika sinia lao.

Na Syria. Tarehe 8 Disemba 2024, siku Assad alipokimbia, niliwasha redio alfajiri nikasikia milango ya gereza la Sednaya inafunguliwa. Watu wakiulizwa majina yao, wengine hawakuyakumbuka. Karibu miaka kumi na minne tangu watoto wa mji wa Daraa waandike ukutani kumpinga. Sithubutu kusema imestahiki. Aliyepoteza watoto ndiye mwenye haki ya kulisema hilo au kulikataa. Ila nililia, na nilitamani uwe karibu.

Sikuandiki ili nikushinde. Nataka unisimulie Agosti ile, kwa kalamu au kwa mdomo, utakapokuja Ramadhani. Nitasikiliza mpaka mwisho na sitakukatiza.

Na Mahmud ukimwona tena, mpe salamu zangu, mwambie yule wa mpini wa fagio wa bluu anamkumbuka. Mwulize kama Hajja bado anaamka kwenda foleni, au kama sasa wanampelekea mkate ndani. Angekuwa na zaidi ya miaka themanini. Kama ametangulia, usinifiche, niambie jina la mama yake nimsomee khitma hapa msikitini kwetu.

Wako daima,
Haji