Barua ya wazi kwa vijana wa Juni: kwa nini nilimpa kura mtu wa nje

Vijana wangu,

Nimewasikia mkisema kwamba mzee huyu aliitupa kura yake mwaka 2022 kwa kumpigia Profesa George Wajackoyah, mgombea urais wa nje ya vyama vikubwa aliyetaka bangi ihalalishwe. Wengine mnaiita kura ya bangi. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua hadi nikashika kalamu ni kile nilichokiona juzi sokoni kwetu.

Kijana mwenzenu alikuja kutangaza nia ya kugombea uwakilishi wadi. Hana tajiri nyuma yake, hana chama kikubwa, hana hata fulana za kugawa. Alisimama juu ya kreti ya soda akaeleza kwamba ada za soko zimezidi na kwamba atataka kila shilingi inayokusanywa pale getini ionekane. Waliomzunguka nawajua, ni wale wale waliojifunga bendera Juni 2024 wakiandamana kupinga muswada wa fedha. Swali la kwanza aliloulizwa ni, "Umetubebea nini?" La pili likawa, "Ukiingia utatupa kazi ngapi?" Hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni ushuru gani ataufuta. Alijaribu kujibu, watu wakaanza kutawanyika. Nilirudi dukani moyo umeniuma, kwa sababu kwa njia hiyo hiyo ndivyo babu zenu walivyofungwa kamba, na ndivyo sisi tulivyofungwa.

Niwaambie ninachoamini, maana bila hicho hamtaielewa kura yangu. Mtu mzima ni mwenye mwili wake, jasho lake na mali yake. Kazi ya serikali ni kulinda uhai, kulinda mali, kuhakikisha mikataba inaheshimiwa, na kuweka mahakama zinazomaliza kesi kabla mlalamikaji hajaingia kaburini. Ikishafanya hayo, ituache. Watu wa mawazo haya huitwa libertariani. Mimi sikuyapata vitabuni. Niliyapata barabarani, nikiuza mahindi.

Ninyi hamkuiona Kenya ya vibali. Wakati ule hukuruhusiwa kununua mahindi wilaya moja ukayapeleka nyingine bila karatasi ya serikali. Bei ilipangwa ofisini, na njia ilifungwa kwa vizuizi. Mwaka 1984 mvua ilikataa, njaa ikaingia. Upande wa Kitale watu walikuwa na magunia. Huko chini watu walikuwa wanachemsha mizizi. Nilipakia lori. Kizuizini nikasimamishwa, nikaulizwa kibali, nikaambiwa kibali hutolewa na bwana fulani, na bwana fulani hayupo. Nilikaa pale na mzigo wangu, mvua ya usiku ikayapiga magunia ya juu, na asubuhi nikaelekezwa kwa upole kabisa jinsi ya kumaliza jambo hilo "kiume". Nikalimaliza. Mama aliyenunua debe langu mwisho wa safari alilipia mahindi, akalipia dizeli, akalipia na ule "uume" wa kizuizini. Yeye hakujua. Anayelipa huwa hajui, na ndiyo maana mambo haya hudumu.

Vibali vile vilikuja kuondolewa miaka ya tisini mwanzoni, na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ikafutwa mwaka 1995. Tuliambiwa wafanyabiashara watawanyonga wananchi. Kilichotokea ni kwamba mahindi yalianza kutembea yenyewe kuelekea penye njaa, kwa kuwa ndiko kwenye bei. Mnataka mfano wa enzi yenu? M-Pesa. Ilipoanza Machi 2007 hakukuwa na sheria ya kuiongoza. Benki Kuu ilitoa barua ya kusema haina pingamizi, ikawaacha watu wafanye kazi, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja baadaye, mwaka 2011. Kama wangesubiri sheria kwanza, mama mboga angekuwa bado anafunga hela kwenye leso na kumpa dereva wa basi. Kisha serikali ilipoona imekua, ikaanza kuikamua: ushuru juu ya ada ya kutuma pesa ulianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukawa 12, na mwaka 2023 ukawa 15.

Na vizuizi havikufa. Vilibadilisha jina vikaitwa sesi, ushuru wa kaunti juu ya mazao. Lori la vitunguu linatoka Loitokitok kwenda Nairobi, na njiani kuna mtu wa kaunti na kitabu cha risiti. Ukivuka mpaka, mwingine. Katiba yenyewe, ibara ya 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna inayozuia bidhaa kutembea kati ya kaunti na kaunti. Nimewahi kumsomea askari mmoja wa kaunti ibara hiyo, nikiwa nimeifungua mkononi. Aliniambia, "Mzee, hiyo ni ya Nairobi, hapa lipa." Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na pikipiki ya sukuma wiki alilipa bila neno. Mboga zake zote zilikuwa hazifiki thamani ya elfu mbili.

Ninawauliza, mmeshawahi kuandamana kwa ajili ya mwanamke huyo? Kanjo, hao askari wa kaunti, wanapomwaga nyanya za mtu barabarani mnatoa simu, mnarekodi, mnaweka kilio mtandaoni, kisha kesho mnampigia makofi gavana anayeahidi kuajiri kanjo zaidi kwa sababu binamu yenu huenda akapata nafasi. Kijana anataka kufungua kinyozi, anaambiwa alete leseni ya biashara, cheti cha zimamoto, cheti cha afya, ada ya bango. Kabla hajanyoa kichwa kimoja ana deni. Halafu serikali hiyo hiyo inakuja na hazina ya kumkopesha, naye anashukuru! Mnashukuru nini, wanangu? Mmerudishiwa kipande cha chenu, tena kwa riba.

Sasa turudi kwenye kura ya tarehe 9 Agosti 2022. Karatasi ilikuwa na majina manne. Wawili ndio waliokuwa na nguvu. Mmoja, William Ruto, alikuwa naibu wa rais kwa karibu miaka kumi, miaka ambayo deni la taifa lilitoka karibu trilioni 1.9 likavuka trilioni 8. Mwingine, marehemu Raila Odinga, Mungu amrehemu, aliwahi kuwa waziri mkuu, na safari hii alikuwa amebebwa na rais aliyekuwa anaondoka. Mtu wa imani yangu achague nini hapo? Mmoja aliahidi serikali iwakopeshe watu, mwingine akaahidi iwagawie elfu sita kila mwezi. Walibishana juu ya nani agawe. Hakuna aliyesema, "Hiki si cha serikali."

Wajackoyah alisema. Alisimama hadharani, miguu mitupu mara nyingine, kitambaa kichwani, akasema mkulima anayepanda mmea shambani kwake asifanywe mhalifu, bali auze nje, na deni la taifa lilipwe kwa biashara badala ya kodi mpya. Mimi sivuti bangi wala sitaki mjukuu wangu avute. Lakini nimeona vijana wakipoteza miaka ya maisha yao rumande kwa ajili ya msokoto, na wazee wakitoa hongo ya kila wiki kwa ajili ya miche michache nyuma ya choo. Dhambi ya mtu juu ya mwili wake naiachia dini yake na mama yake. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ndiyo nzito kwangu. Nilitaka kuwanyima wale wawili kura yangu kwa namna inayohesabika. Kukaa nyumbani hakuhesabiki, kila mtu huitafsiri apendavyo. Wajackoyah alipata kura 61,969, asilimia 0.44. Ruto na Raila kwa pamoja walizoa zaidi ya asilimia 99. Mkanicheka. Basi angalieni hiyo asilimia 99 imewapeleka wapi wenyewe. Nusu walimpigia mmoja ili amzuie mwingine. Haikupita miaka miwili, Julai 2024, baada ya ninyi kumwaga damu yenu barabarani kwa sababu ya kodi, viongozi wa chama cha Raila wakateuliwa kuingia katika baraza la mawaziri, na mwenyekiti wa chama hicho ndiye akapewa Hazina, wizara ile ile ya kodi. Machi 2025 wakuu hao wawili wakatia saini makubaliano mbele ya kamera. Yule uliyempigia ili amzuie mwenzake, amemzuia wapi? Kura yangu iko pale pale nilipoiweka.

Msidhani sikuona kasoro za mtu wangu. Manifesto yake ilitaka kusimamisha katiba. Hilo nililipinga siku ile na ninalipinga leo, kwa kuwa Katiba ya 2010 ndiyo kitu pekee kinachomfanya mnyonge amshinde waziri mahakamani. Alitaka mafisadi wanyongwe. Serikali isiyoweza kutunza faili haifai kukabidhiwa kamba. Alitaka wiki ya kazi iwe siku nne kwa amri, nami nasema siku zangu za kazi nitazihesabu mwenyewe. Nilimpa kura nikijua hatashinda, na nikijua kwamba angeshinda ningekuwa wa kwanza kwenda mahakamani kumzuia kuigusa katiba. Kumuunga mkono mtu wa nje hakumaanishi umemkabidhi akili.

Hapo ndipo ninapowaogopea. Nchi hii ina kiu ya mtu wa nje, na mwenye kiu huuziwa maji yoyote. Mwaka 2022 mliuziwa wilbaro, alama ya chama cha Ruto. Mtu aliyekuwa naibu wa rais karibu miaka kumi aliwaambia yeye ni hasla, mtu wa kuhangaikia riziki, adui yake ni wenye nchi, na mkamwimbia. Mwaka mmoja baadaye sheria ya fedha ya 2023 ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaongeza kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3, ikakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Huyo mama mboga aliyewekwa kwenye mabango ndiye aliyelipa nauli mpya. Wakati huo huo wakateuliwa makatibu waandamizi 50, yaani wasaidizi wa mawaziri, hadi mahakama ikasema uteuzi huo ni kinyume cha katiba. Mwaka uliofuata wakataka kuutoza hata mkate.

Mlisimama. Niseme wazi, sijawahi kujivunia kizazi chochote kama nilivyojivunia ninyi siku zile. Hamkuwa na kabila, hamkuwa na kiongozi wa kununuliwa, mliusoma muswada kipengele kwa kipengele, mkawafafanulia wazazi wenu kwa lugha za nyumbani. Tarehe 26 Juni rais akakataa kuutia saini. Makumi ya wenzenu hawakuiona siku nyingine, na wengine walichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha. Ninaomba kwa ajili ya mama zao. Ndiyo maana nikisikia "Umetubebea nini?" kutoka kwa midomo ile ile, ninapandwa na hasira ya mzazi. Na Desemba ya mwaka huo huo sehemu ya zile kodi zilirudi kwa sheria nyingine, mchana kweupe, ninyi mkiwa mmechoka.

Kosa si lenu peke yenu. Sisi ndio tuliowalea hivyo. Tuliwapeleka mikutanoni mkiwa wadogo, mkatuona tukipanga foleni ya noti ya mia mbili na pakiti ya unga. Makanisani tulimpisha mwanasiasa madhabahuni kwa sababu amekuja na bahasha ya harambee, na hakuna mchungaji aliyeuliza bahasha imetoka wapi. Tuliita hiyo ukarimu. Mtoto aliyelelewa akiona hivyo atamuuliza mgombea nini kingine?

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Watu wa nje watakuja wengi, wa kweli na wa kujipaka. Mkae nao hivi.

Muulizeni ataondoa nini, kwa jina: ada gani, leseni gani, ofisi gani, magari mangapi ya msafara.

Muulizeni mamlaka gani ya ofisi yake mwenyewe atayapunguza. Akikosa jibu, huyo anataka kiti tu.

Atakayesema katiba inamchelewesha, mwacheni, hata kama mnapenda kila neno lingine lake.

Msile cha mgombea yeyote.

Jiandikisheni kupiga kura, na muwe na mawakala vituoni.

Msimpigie mtu kwa kuwa mwingine "anaweza kushinda".

Na msianzie ikulu. Hili nawasihi sana. Kila mwaka bunge la kaunti yenu hupitisha muswada wa fedha, na humo ndimo zinamokaa ada ya soko, ada ya bango, ada ya mkokoteni, sesi ya vitunguu. Sheria inataka wananchi washirikishwe kabla haujapita. Nimehudhuria vikao hivyo; ukumbini huwa tupo wazee wachache na maafisa wanaosubiri soda. Wanaoupitisha ni wawakilishi wa wadi, ambao mmoja wao anaweza kuwa yule kijana mliyemwacha peke yake juu ya kreti.

Nimemtafuta, nimempata. Amekubali kurudi sokoni Jumamosi ijayo, saa nne, baada ya mzigo wa asubuhi kushuka. Pikapu yangu ipo na spika zake zinafanya kazi, mafuta nitaweka mwenyewe. Ninachohitaji ni watatu kati yenu wanaojua kusoma majedwali, waje Alhamisi jioni dukani tukae na muswada wa mwaka huu, tumwandalie orodha ya ada za kufutwa.

Mzee wenu wa duka la nafaka