Maji kabla ya mkokoteni

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na za baba zaidi. Nimefurahi kusikia wewe na baba mnakuja arusini pamoja. Lakini kabla hujakata tiketi nisikize, maana miaka tisa ya baridi ya Limuru imekusahaulisha Machi ya kwetu. Upepo wa kaskazi umelegea, wa kusi haujaingia, na hewa imejaa unyevu hata jasho halikauki. Na jasho lisipokauka halipozi mwili, linakulowesha tu.

Jumatano nilisikia kishindo kichochoroni. Kijana wa kubeba mchanga kaanguka mbele ya daka letu, punda wake kasimama palepale na sogi zake, anamtazama. Ametoka bara, hata wiki hajamaliza hapa, na tangu asubuhi yumo juani. Nikamsemesha, akaniita mamake. Macho yako wazi, akili haipo. Mwenzake akasema, "Hilo si jua, mbona anatoka jasho?" Nami nilikuwa nikiamini hivyohivyo, kwamba aliyepigwa na jua lazima ngozi ikauke. Kumbe hiyo ni zaidi kwa wazee na wagonjwa. Anayeangukia kazini huenda akawa amelowa chapachapa. Mwili ukiwa wa moto na mtu anapayuka, au anayumba kama mlevi, au kashikwa na degedege, usingoje dalili nyingine.

Basi tukaanza kubishana. Huyu anatafuta mkokoteni wa kumpeleka hospitali, yule kaja na chupa ya maji amnyweshe, na mimi, sasa najicheka, nikakimbilia panadol! Panadol ni ya homa, joto la jua hailiwezi. Na ukimnywesha mtu asiyejitambua, maji huenda yakamwendea mapafuni.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, nesi mstaafu. Akapiga kelele kutoka dirishani: "Mvueni shati, mtieni ndani, penye birika! Hospitali mpigieni simu, lakini maji kwanza!" Tukamlaza sakafuni bafuni, kando ya birika letu la maji ya kuoga, nikachota kata moja baada ya nyingine, toka utosini hadi nyayo, shemeji akimpepea kwa kipepeo cha jikoni. Barafu ikaletwa kutoka kwa wauza samaki, tukaifunga kwenye kanga tukamwekea shingoni, kwapani na kwenye kinena, mishipa mikubwa inakopita. Kama robo saa hivi, akafungua mdomo: "Punda wangu yuko wapi?" Ndipo alipopakiwa mkokotenini. Daktari alisema joto likipita digrii 40, ubongo na figo huharibika kwa dakika, si kwa saa, na yale maji ya birika ndiyo yaliyomfaa zaidi.

Sasa baba. Vile vidonge vyake vya presha vya kumkojoza vinampunguzia maji mwilini. Usivikate kwa akili yako, muulize daktari wake kabla ya safari. Lile koti la sufi libaki Limuru, nakuomba. Mkifika Mokowe tafuteni boti yenye turubai. Wiki ya kwanza saa tano hadi saa kumi awe ndani, mwili huhitaji wiki moja au mbili kulizoea joto, na kuta zetu nene zitamsaidia. Na umpe maji hata kama hajaomba. Kiu ya mzee huchelewa. Mkojo ukiwa rangi ya chai, mwongeze. Akianza kulalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, hapo bado mapema: mkalishe kivulini, mpe madafu kidogo kidogo, mlowanishe. Akibabaika maneno, unajua birika liko wapi.

Kijana mwenyewe hajambo. Siku hizi anaanza kazi alfajiri, na saa nne unamkuta barazani kwetu na gilasi ya maji ya ndimu, punda naye kivulini. Pesa za barafu bado nadaiwa.

Ni mimi shoga yako