Kile kibati cha Kondoa usikiuze

Kaka,

Salamu nyingi, habari za Kondoa, na bi mkubwa mguu unaendeleaje? Huku Temeke tupo, joto tu ndo linatumaliza. Nimeamua kukuandikia kwa urefu maana hizi voisi noti zetu hazitoshi kwa jambo kama hili, nakuomba usome mpaka mwisho kabla yule jamaa wa skrepa hajarudi hapo shambani. Kile kibati ulichookota usimuuzie, hata akipandisha bei, ni kitambulisho cha askari wa vita ya kwanza ya dunia.

Picha zako nimezikuza nikakaa nazo sana. Ile ilikuwa sarafu, ndo maana upande mmoja una kichwa cha mfalme, alafu upande wa pili mtu kausugua na tupa mpaka ukawa laini akagonga herufi moja moja kwa mkono, kwa iyo mstari umepinda. Kuna namba, herufi ya jina la kwanza, jina la ukoo (siliandiki hapa, ni la watu), chini yake 9 S.A.I. na mwisho C of E. Hiyo ya mwisho ni dini, Anglikana, ili akifa wajue wamzike vipi. 9 S.A.I. ni kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, waliokuja 1916 chini ya jenerali Smuts kupigana na Mjerumani.

Na hapo kwenu inaingia kabisa kaka! Kikosi hicho kilikuwa brigedi ya 3, ile iliyopangwa chini ya van Deventer, jenerali wa Smuts, na van Deventer ndo aliyeichukua Kondoa Irangi Aprili 1916, masika ikawakata nyuma, chakula hakifiki, farasi wanakufa, alafu Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia usiku hapohapo. Kikosi cha 9 kilianza Februari na watu 1,135, kufika Oktoba wazima walikuwa 116, na wengi hawakupigwa risasi, ni malaria na kuhara. Nikisoma hiyo hesabu nikiangalia zile herufi zilizopinda, moyo unanienda mbio.

Vibati vya jeshi vya Waingereza wakati huo vilikuwa vya faiba, kama karatasi ngumu iliyoshindiliwa. Mwanzo kimoja chekundu, baadaye 1916 vikawa viwili, cha kijani cha pembe nane kinabaki na maiti, chekundu cha duara kinakatwa kupeleka taarifa. Faiba inaoza ardhini, na askari walilijua hilo, ndo maana wengi walijitengenezea cha chuma wakavaa mkononi. Sasa cha kujitengenezea kinaweza kudondoka tu mtu akiwa mzima, kwa iyo kukiokota shambani kwako sio lazima awe alifia hapo. Nimetafuta jina lake kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, hayumo. Nikaenda na makaburi ya vita pale Barabara ya Bagamoyo, maana miaka ya 70 mwanzoni makaburi kama 1,000 ya mikoani yalihamishiwa pale, nikapita nasoma, hayumo. Mi naona alirudi kwao, na kama alirudi basi ana wajukuu.

Kinachofuata ni Pretoria, kituo cha nyaraka cha jeshi lao ndo kinatunza mafaili ya askari wa vita ile. Ila jina hilo wanalo wengi, namba ndo itakayomtofautisha, na tarakimu ya tatu sijui ni 3 au 8. Usikisugue na ndimu wala majivu wala stiliwaya, osha na maji tu kwa brashi laini, usiku washa tochi ukiilaza pembeni ili herufi zitoe kivuli, alafu piga picha. Na uniandikie ulikipata wapi hasa, kina gani, na kama kulikuwa na kitu kingine, kifungo, ganda la risasi, chochote.

Kuna jambo linaniuma lakini. Huyu mzungu tunamtafuta kwa kibati tu na tutampata, ila wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hilohilo wamelala porini hawana hata ubao. Tume yenyewe ilikiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine mpaka 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Babu wa mzee wako si ndo yule aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi? Kaa na bi mkubwa umuulize majina yote matatu ya huyo babu, kijiji chake, na nani alikuja kumchukua, maana bi mkubwa akisahau hakuna mwingine wa kumuuliza. Majina hayo nitaiandikia tume, barua ya peke yake, sio pembeni ya barua ya mzungu.

Kibati usikitume kwa basi, mizigo midogo inapotea. Uje nacho mwenyewe ukishuka Dar Idi, chumba kipo.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
wa Temeke