Anayeanza kushindilia sufu anunue sufu kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaotaka kuanza kushindilia sufu, yaani kuichomachoma kwa sindano hadi ikaze iwe kinyago. Wengi huacha wiki ya kwanza, na kosa si la mikono yao, ni la walichonunua.

Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani kwa jina la sufu ni akriliki. Unywele wa sufu ya kweli una magamba madogo. Sindano yenye vijino huuvuta ndani, magamba yakanasana, kinyago kikakaza. Akriliki haina magamba, hivyo hukaza kwa shida na kazi haiwi imara kama ya sufu. Kabla ya kulipa, omba kipande cha urefu wa kidole, toka nje ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikaacha kitonge cheusi kigumu.

Kondoo wetu wengi wa kienyeji wana nywele fupi tu, basi usimsumbue mchinjaji. Tafuta sufu ya Corriedale, kondoo anayefugwa nyanda za juu za Kenya. Sufu ya kondoo wa Merino ni laini mno: yafaa kwa tabaka la juu, lakini ukiifanya kiini utachoka kabla haijakaza. Ukiuziwa sufu mbichi, punguza theluthi au hata nusu ya uzito kwa ajili ya mafuta na uchafu. Iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, wala usiikoroge, maana itagandamana humo humo kwenye beseni.

Gramu 50 za sufu nyeupe ya kiini na gramu 10 za kila rangi, rangi tatu, zinatosha kwa kuanzia. Mpira wa sentimita 5 hula takriban gramu 10. Aliye na pesa kidogo atafute katika soko la Owino hapa Kampala sweta la mtumba lenye lebo ya sufu asilimia 100, alifumue na kuuviringa uzi wake uwe kiini.

Sindano hupimwa kwa namba, na namba ikipanda sindano huwa nyembamba. Nunua tano za namba 38, mbili za 36 za kuanzia umbo, na mbili za 40 za kumalizia ili matundu yasionekane. Zitavunjika. Sababu karibu daima ni moja: imeingia wima, ikavutwa kwa upande.

Seti za maboksi ziacheni. Sponji yake, ile ya kuweka chini ya kazi unapochoma, huwa nyembamba na hutoboka mapema. Fundi wa makochi ana mabaki ya godoro gumu; chukua kipande cha unene wa sentimita 5 au zaidi, na umwombe pia ngozi kidogo ya kuvika kidole gumba na cha shahada, sindano isivichome.

Mshindilia sufu,
Kampala