Stoo imekwenda wapi kwenye ramani za nyumba za Dodoma?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba Dodoma sasa ni makao makuu, hivyo wenyeji tuache "ushamba wa kulala na magunia ndani". Alitaja dalili za neema anazotaka kuziona: maghorofa, barabara zenye taa, nyumba za paa lisiloonekana, vioo kila upande. Sigombani naye kwa hizo. Nagombana naye kwa hayo magunia ya nafaka, kwa sababu nyumba tunazojenga siku hizi hazina stoo ya kuyaweka. Mimi ni fundi mwashi, naishi Nkuhungu, na dalili hizo ndizo zinazonilisha. Ukipita Nala, Iyumbu, Michese au Ihumwa ukaona geti jeusi lenye maua ya rangi ya dhahabu, na nguzo mbili nene kibarazani ambazo hazibebi chochote, huenda nguzo hizo nimezisimamisha mimi.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia kweli, baada ya uamuzi wenyewe kukaa tangu 1973, kazi hazijatuisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 na ushee hapa mjini. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Wote hao wanahitaji pa kulala, na wenye uwezo wanahitaji pia pa kutazamwa. Mteja akifungua simu kunionesha nyumba aliyoipenda, huwa ni picha ya mbele. Sijapata kuoneshwa picha ya nyuma ya nyumba hata siku moja. Siku hizi wengi wanataka paa la kuficha: kuta zinapandishwa kuzunguka bati lisionekane, na maji yanaelekezwa kwenye mifereji ya ndani. Kwa macho ni zuri. Mvua ya kwanza ya Desemba ikikuta mfereji umejaa majani ya mwarobaini, maji yanarudi ndani, dari ya gipsamu inaachia, nami napigiwa simu saa nane za usiku.

Babu yangu alikuwa na tembe Kongwa. Vijana wengi tembe wanaijua kwa picha, basi niieleze kifundi: kuta za miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo; paa bapa la boriti, fito na nyasi, na udongo juu yake; vyumba vimezunguka uwanja ambamo mifugo huingia jioni. Kwa nje ungepita usijue mwenye nyumba ni tajiri au hohehahe, maana tembe zote zina rangi ya ardhi zilipojengwa. Kujua kulihitaji kuingia ndani. Humo mlikuwa na vilindo, yale mapipa ya gome la mti, vimejaa uwele na mtama. Msemaji wa vilindo alikuwa bibi. Babu, pamoja na sauti yake yote ya barazani, hakufunua kilindo bila kumuuliza. Na bibi alipotaka kuringa mbele ya wakwe hakutaja vyombo wala nguo. Alisema, "Tunakula wa mwaka jana, wa mwaka juzi bado upo." Wakwe wakanyamaza. Uwele ukikaushwa vizuri unakaa, na wao walijua maana ya kauli hiyo.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata hiyo huweza kukatika katikati ya Januari mazao yakaungua shambani. Mavuno ni Mei na Juni. Juni haikumpima mtu, kwa kuwa Juni kila nyumba ina kitu. Aliyepimwa alipimwa Februari: kuna moshi jikoni kwake? Kuna cha kumpa jirani aliyekuja na ungo mtupu anazungumzia mambo mengine? Wazee walikuwa wakitaja Mtunya, njaa ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza iliyoangamiza watu wengi Ugogo, na wakiitaja walipunguza sauti. Waliokulia chini ya habari hizo hawakuhitaji kufundishwa neema inakaa upande gani wa nyumba.

Na ng'ombe je? Msomaji mwenzangu atasema ng'ombe ndiyo maonesho ya Mgogo. Hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Zizi la mwenye mali halikuwa hesabu yake. Ng'ombe wengi walikuwa kwa watu, wamekabidhiwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine. Wao wanakamua maziwa na kuchukua samadi, ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, au ukame ukipiga upande mmoja, mali haifutiki yote kwa mkupuo. Na nyumba isiyo na ng'ombe hata mmoja inakuwa na maziwa ya mtoto. Kwa hiyo ulimkuta mzee zizini mwake mna ng'ombe wachache tu, ukamwonea huruma, kumbe nusu ya kata inamfugia. Utajiri wake uliusikia asubuhi, kwa wingi wa watu waliofika kumwamkia, "Mbukwenyi!", na kila mmoja ana habari ya ndama. Leo mtu wa namna hiyo tungemwita maskini kwa sababu hana geti.

Sitaki tembe irudi. Nimelala humo: moshi, kunguni, na mvua ikishika siku mbili mfululizo paa linadondosha tope kwenye shuka. Tofali na bati ni heri, tena bila hivyo mimi ningekula wapi?

Ninachosema ni kwamba tumehamisha dalili zote za neema mbele ya nyumba na nyuma hatukuacha kitu. Hata kwenye sherehe za kumuaga binti ni hivyo hivyo. Kabati la vioo, friji, seti ya vikombe visivyonywewa, vyote vinapitishwa katikati ya ukumbi kwa muziki na mshereheshaji anavitaja kimoja kimoja. Shangazi aliyetoka Mvumi na debe mbili za uwele anaelekezwa mlango wa jikoni.

Mama mmoja, mtumishi wa Serikali, alinipa kazi ya kumjengea nyumba ya vyumba vitatu. Ramani yake ilikuwa na stoo ya futi sita kwa nane kando ya jiko, jambo adimu siku hizi, nikamsifu. Tulipofika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, akaja saiti, akasimama kwenye ile stoo, akapima kwa macho.

"Fundi, hapa pageuze. Nataka pa vinywaji. Niwekee rafu za vioo na taa zile za rangi."

"Na magunia, mama?"

"Magunia yanakaa sokoni, fundi."

Kazi ni ya mwenye hela, tukageuza. Lakini yule mama, kama nusu ya watumishi ninaowajua hapa mjini, ana shamba Hombolo, na mwaka ule alivuna mahindi. Februari iliyofuata akaniita, dari ya sebule inavuja. Nilipoingia na ngazi nikasikia mchakacho, kama mtu anatafuna taratibu nyuma ya kochi. Magunia yalikuwa huko, yamepangwa ukutani na kufunikwa pazia zuri la maua. Sakafuni, juu ya tailizi nyeupe, kulikuwa na unga mweupe mwembamba umetawanyika hadi kwenye zulia. Nikavuta gunia moja nipate pa kusimamisha ngazi. Gunia la kilo 100 nililiinua kwa mkono mmoja. Ndani zilibaki punje zenye matundu na vumbi. Dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, walikuwa wamemaliza, wakahamia kwenye miguu ya kochi, nayo imetobolewa matundu ya duara safi utadhani nimeyapiga kwa drili. Kwenye rafu za vioo, chini ya taa za rangi, palikuwa na chupa mbili za soda na kalenda. Mama akaniambia jambo moja tu: "Fundi, usimwambie mtu." Jina lake sijaliandika hapa na sitaliandika.

Dumuzi si mwenyeji wetu. Aliingia nchini kupitia upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kwao ni Amerika, na anapenda mahindi makavu na makopa ya muhogo kuliko kitu kingine. Asipopata hayo hutoboa mbao. Uwele, kwa udogo wa punje zake, haumfai sana. Sasa sisi tumeacha uwele unaovumilia ukame na kukaa ndani muda mrefu, tumechukua mahindi yanayotaka mvua tusiyo nayo na ghala tusilolijenga. Zabibu nazo, ambazo hapa kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ni baraka kweli, lakini huwezi kusonga ugali wa zabibu.

Nimpe msomaji haki yake. Kulala na magunia chumbani ni hatari, na hatari yenyewe si ushamba. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Ukungu ule unaota kwenye nafaka iliyowekwa ndani haijakauka, ikalazwa sakafuni kwenye unyevu, chumba hakipumui. Panya nao wana yao. Dawa yake, mimi kwa ufundi wangu, naiona ni chumba kilichojengwa kwa kazi hiyo. Yeye anaona dawa ni kuyaondoa magunia kabisa. Kuyapeleka wapi?

Sokoni, atasema, kama yule mama. Basi afike kwenye soko la mahindi la Kibaigwa mwezi Julai aone malori yanavyopakia, lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, zimevimba juu kama kawaida ingawa zimepigwa marufuku. Mkulima asiye na pa kuweka anauza wiki ile ile aliyovuna, kwa bei ya mnunuzi. Januari anarudi kununua debe kwa bei ya muuzaji, na mara nyingi ni mahindi ya ukanda ule ule aliouzia. Faida iliyopo kati ya Julai na Januari imekwenda kwa mwenye ghala. Hilo halihitaji mchumi kulieleza.

Kwetu Kongwa tuliwahi kuona neema ya upande wa mbele kabla ya hizi nyumba za paa la kuficha, zinazoitwa kontempo. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mpango wao wa karanga, wakaleta matrekta, wakajenga nyumba, hospitali na shule. Hawakusikiliza habari za mvua wala ugumu wa ardhi ile ikikauka. Mwaka 1951 wakafunga, pauni kama milioni 36 zimekwenda. Babu alikuwa akisema aliwahi kuona vyuma vingi kuliko karanga, lakini babu alipenda kutia chumvi.

Serikali yenyewe haijasahau. Ina maghala yake ya hifadhi ya chakula pale Kizota, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Taifa lina stoo. Na Ngao ya Taifa, ile iliyobandikwa juu ya kila barua inayotoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, imechorwa jembe, shoka, pamba na karafuu. Waliochora alama ya nchi mwaka 1964 walipofikiria ustawi walifikiria kinachotoka ardhini na vifaa vya kukitoa. Nguzo zisizobeba kitu hazimo.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni kwa wanaochora na kuuza ramani, na kwa wanaozikagua kabla ya kibali. Mnahakikisha choo kipo, shimo la maji taka lipo, gari lina pa kuegeshwa. Kwa mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, stoo nayo iwe kwenye orodha. Anayeona aibu kuionesha ataiweka nyuma, mimi sitamcheka.

Na anayejenga mwaka huu asingoje wakubwa. Kabla hujamwaga jamvi, yaani zege la sakafu, mwambie fundi wako maneno haya. Chumba cha futi sita kwa nane kinatosha, upande usiopigwa na jua la mchana, kisipakane na bafu. Weka karatasi ya nailoni chini ya jamvi kuzuia unyevu. Matundu ya hewa yawe mawili, moja chini na moja juu upande wa pili, yote yawe na wavu mgumu wa matundu madogo, si ule wa mbu ambao panya anautafuna usiku mmoja. Mlango uwe na bati chini. Ndani weka chaga za mbao, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, uweze kuzunguka na kukagua. Nafaka ikauke kwanza kwenye turubai, kisha ikae kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Humo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi bila kutiwa dawa. Dari ya gipsamu humo ndani usipoteze hela. Kwa bei za sasa za tofali na saruji, chumba hicho chote kitakugharimu pungufu ya geti.

Fundi mwashi,
Nkuhungu, Dodoma