Gari likishajaa, liachie jingine nafasi

Mhariri,

Naendesha teksi ya umeme hapa Nairobi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme na wenzangu wenye magari kama langu, na wenye vituo vya kuchaji, kuhusu magari yanayoachwa kwenye chaja ya haraka hata baada ya kujaa.

Gari langu ni Nissan Leaf lililotoka Japani, betri yake kilowati-saa 30. Likijaa hunipeleka kilomita 140 hivi. Nakaa Umoja, ghorofa ya nne. Mita yangu iko chini pamoja na za wapangaji wengine, gari hulala nje ya geti, na mwenye nyumba hataki kebo ining'inie ukutani. Simlaumu, kwa maana nyaya za jengo lile nazijua. Mwenye nyumba yake huko Lavington huchomeka gari usiku akalala, asubuhi limejaa. Mimi sina hiyo nafasi. Chaja ya hadharani ndiyo kituo changu cha mafuta, na ninayoitumia iko kwenye maegesho ya duka kubwa, upande wa pili wa mji.

Ijumaa moja mwezi uliopita nilimshusha abiria Kilimani saa moja kasoro jioni, betri ikiwa imebaki na asilimia 13. Saa mbili nilikuwa nimeahidi kumchukua mama mmoja Kileleshwa na wanawe wawili, niwapeleke uwanja wa ndege wa JKIA. Hesabu yangu ilikuwa sawa: nusu saa kwenye chaja ya kilowati 50 hunitoa 13 hadi karibu 80. Nikafika, nikakuta gari jeupe, jipya, kebo imechomekwa na skrini inasema asilimia 100. Mashine ile ina kebo mbili lakini hutoa umeme kwa moja tu kwa wakati. Nafasi ya pembeni, iliyochorwa alama ya plagi, ilikuwa na pikapu ya dizeli.

"Mama, huyu aliingia saa kumi na moja na nusu," mlinzi akaniambia. "Nimemtafuta hadi kule kwenye vyakula, sijamwona." Kwenye dashibodi hapakuwa na nambari ya simu.

Saa mbili na dakika kumi mwenyewe akaja, anasukuma toroli, mtoto amembeba mabegani. "Pole sana mama, nilijua ikijaa inajizima." Ni kweli hujizima. Lakini kebo hubaki imefungwa kwenye gari mpaka mwenyewe aifungue, na hapo mashine nzima huwa imezibwa. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba radhi kwa moyo, na naamini kwamba siku aliyouziwa gari alielezwa kila kitu isipokuwa hili. Mimi nilikuwa nimeshampigia dereva mwenzangu awabebe wale abiria. Nilipoteza shilingi 1,800 za safari ile, na yule mama, ambaye alinizoea kwa mwaka mzima, sasa humwita huyo mwenzangu.

Wengi hawajui chaja ya haraka inavyofanya kazi, ndiyo maana naona niieleze kidogo. Umeme wa nyumbani ukiingia kwenye gari hupitia kwanza kigeuzi kidogo kilichomo ndani, kinachougeuza uwe wa aina inayopokelewa na betri, nacho hakina nguvu nyingi. Kwa hiyo huchukua usiku kucha. Chaja ya haraka humaliza kazi hiyo ya kugeuza nje ya gari, kwenye lile kabati lake kubwa, ikapeleka umeme moja kwa moja kwenye betri. Lakini betri ikikaribia asilimia 80, gari lenyewe huanza kuubana umeme unaoingia ili betri isiumie. Aliyewahi kujaza maji kwenye mtungi wa shingo nyembamba anaelewa: mwanzo unamimina, mwisho unadondosha. Kwangu, kutoka 80 hadi 100 huchukua karibu muda ule ule wa kutoka 13 hadi 80. Nusu saa hiyo ya mwisho inamtosha dereva mwingine kuondoka na safari za jioni nzima. Anayetaka kujaza kabisa na hana haraka, atafute chaja ya polepole.

Plagi ya gari langu inaitwa CHAdeMO. Wajapani walioiunda walilichagua jina hilo kwa kuwa linakaribiana na maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, maana yao ikiwa unachaji huku unakunywa kikombe kimoja kisha unakwenda. Kwao nao chai ni "cha". Nawaomba wanaojenga vituo vipya wasiisahau plagi hii kwa sababu magari mapya yanakuja na plagi za aina nyingine, ile iitwayo CCS2 au ile ya Wachina. Leaf za Japani bado ziko barabarani, na wengi wetu ndio tunaokula kwa magari haya. Kuna kituo kimoja ambacho kufuli ya kebo ya CHAdeMO imevunjika, na programu ya simu bado inakionyesha kijani. Nimekwenda pale mara mbili nikiwa na chini ya asilimia 10. Kifaa kikiharibika, kiandikwe kimeharibika siku hiyo hiyo.

Na gari likishajaa likaendelea kukaa, lilipishwe. Dakika kumi za kuja kulitoa zinatosha. Baada ya hapo kila dakika iwe na bei, tena iume kuliko bei ya umeme wenyewe. Ombi hili nalipeleka pia kwa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na bei zake nchini. Mwaka 2023 walitutengea bei maalum ya umeme wa magari, shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini, kabla ya ada nyingine. Nilifurahi sana siku ile. Sasa waangalie pia mpangilio wa vituo. Umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria huendelea kuzalishwa hata usiku, lakini saa hizo za shilingi 8 geti la duka ninalochajia limefungwa. Chaja moja tu kwenye kituo cha mafuta kinachokesha, Outer Ring au Jogoo Road, ingebadilisha maisha ya madereva wa Eastlands, huku kwetu mashariki mwa mji.

Kwa upande wangu, siku hizi naacha kadi kwenye dashibodi yenye nambari yangu na saa nitakayotoka. Jumatatu kijana mmoja mwenye Leaf alinipigia. Nilikuwa nimefika 71, naye amebaki na 6, abiria wake wamesimama na mizigo. Nikateremka nikachomoa, nikamwambia achomeke. 71 ilinifikisha Umoja na bado nikafanya safari mbili za asubuhi.

Dereva wa teksi,
Umoja, Nairobi